Mita Kumi na Tano

Kifaa chenyewe bado ninacho. Kimo kwenye droo ya meza yangu, pamoja na vipande vya chaki na funguo ambazo sikumbuki zinafungua nini. Ni cha kijivu, kinene kuliko simu za siku hizi, na mgongoni kina mikwaruzo ya mipira ya tyubu niliyokuwa nakifungia kwenye usukani wa pikipiki. Mke wangu anajua kimo humo. Hajawahi kuniambia nikitupe, wala mimi sijawahi kumwuliza.

Nilikinunua miaka ile ambayo Morogoro ilijaa vitu na kupungukiwa na kazi. Viwanda vilikuwa vinauzwa kimoja baada ya kingine. Majirani zangu wawili walirudishwa nyumbani na barua mkononi, mmoja akaanza kuuza mkaa, mwingine akaanza kunywa. Lakini ukipita maduka ya karibu na stendi ulikuta vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu: televisheni, mafeni, kamera, vingine vipya kutoka Dubai, vingine vimetumika Ulaya mpaka wenyewe wakavichoka. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja upande wa Mzumbe. Pikipiki yangu nayo ilikuwa ya mtumba, niliipata kwenye mnada wa mradi uliofungwa, na mlango wa boksi lake la nyuma ulikuwa bado na nembo ya wafadhili.

Kilichonipeleka dukani ni utani. Lazima nieleze hapa, maana bila hilo mtu ataniona mwendawazimu tu, na mwendawazimu sikuwa.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Mke wangu ni Mluguru wa milimani kabisa, juu ya Mgeta. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanapita chini ya milima hiyo na mizigo vichwani kwenda pwani. Mtani anaweza kukwambia lolote, popote, hata msibani, na hasa msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mkulima wa karoti na kabichi, mtu mfupi mwenye mapafu ya ajabu, na ulimi wake haukuwa na likizo.

Barabara ya gari iliishia Nyandira. Kutoka hapo kwenda ukweni ilikuwa njia ya miguu, kama kilomita saba, na pikipiki ilipita kwa mwenye moyo. Kila nilipokwenda, shemeji alishuka kunisubiri Nyandira, akapanda nyuma yangu na kuanza: kushoto, kulia, zima, sukuma, washa. Njia zile zinagawanyika mara kumi na kila moja inafanana na nyingine, matuta ya mboga huku, korongo kule. Yeye alizijua kwa majina ya wenye mashamba, na wenye mashamba wenyewe wengi walikwisha kufa. Mimi, ninayefundisha watoto wa watu kusoma ramani, nilikuwa naongozwa kama kipofu.

"Babu zako walipita hapa chini na pembe za ndovu kichwani," alikuwa ananiambia sikioni, kifua chake kikinigonga mgongoni kila tukiruka jiwe. "Hawakuthubutu kupanda. Wewe umepanda kufuata mwanamke. Siku moja utapotea humu, mtani, tuje tukukute umeoa nyani."

Nilikuwa nacheka. Mkwe gani asingecheka? Lakini mimi ni mtu wa kinyongo, nakiri, na kila nilipocheka kule juu nilishuka nacho kikiwa kimeongezeka kidogo.

Kisha mke wangu akapata mimba, ya kwanza. Kwao binti anarudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Hata shamba ninalolima nikienda kule si langu, ni la ukoo wa mke wangu, mimi ni mgeni mwenye jembe. Mtoto angekuwa wao kabla hajawa wangu. Nilijaribu kusema habari za hospitali ya mjini. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama ananisubiri." Yakaisha. Akapanda lori la mboga linalorudi tupu mpaka Nyandira, na kaka yake akamtembeza polepole mpaka nyumbani, mimba ikiwa ya miezi saba.

Nikabaki peke yangu kwenye nyumba ya shule, na wazo moja. Likitokea lolote nataka niweze kufika kule mwenyewe, bila kusubiri mtu wa kunishika mkono.

Mwenye duka alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa uzi. Alinitandikia vifaa vitatu juu ya kioo cha kabati. Cha kwanza kilikuwa cha gari, kina ramani ya rangi, na ramani yenyewe ilikuwa ya Ulaya. Hicho tulikicheka wote wawili. Cha pili kilitengenezwa kwa ajili ya pikipiki hasa: kimefunikwa mpira, kina kishikizo cha chuma cha kufungia kwenye usukani, na waya wa kula umeme wa pikipiki yenyewe. Cha tatu kilikuwa hiki changu. Hakikuwa na ramani yoyote. Kilikuwa na mshale, umbali, na mstari mwembamba uliochora ulikopita ili uweze kuurudia. Kilitumia betri mbili ndogo, zile za redio za mkononi.

"Hiki ni cha watu wanaotembea kwa miguu, mwalimu," alisema. "Sikufichi. Pikipiki inatetemesha. Betri zitacheza, mashine itazima."

"Nitazikaza na karatasi."

"Kwenye lami zitakaa. Wewe unasema unakwenda Mgeta." Akakisogeza kile cha pili mbele yangu. "Lete nusu leo. Mwezi ujao umalizie, nakuwekea, sikiuzi kwa mtu."

Mwezi mmoja tu. Nimeufikiria mwezi ule miaka yote hii. Mke wangu alikuwa na miezi miwili mbele yake, nafasi ilikuwepo, na mzee alikuwa ananiambia kweli kwa hasara yake mwenyewe. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikuwa napanda kumwona mke wangu, na nilikuwa nimekwisha kuiona picha kichwani: mimi naendesha, shemeji yuko nyuma anasema kushoto, na mashine yangu inaandika kila anachosema, halafu baada ya hapo simhitaji tena. Sikutaka kuisubiri picha hiyo mwezi mzima. Nikachukua cha tatu.

Jumamosi ile shemeji alikitazama kifaa kwenye usukani, kimefungwa kwa mipira ya tyubu pande zote mbili, akauliza kama ni redio. Nikamweleza habari za setilaiti. Akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Yaani Mnyamwezi sasa anaongozwa kutoka mbinguni." Tukaenda. Mstari ulijichora vizuri kabisa, nami nilikuwa na furaha ya kitoto.

Katikati ya safari pana njia panda, kwenye mgongo wa mlima, penye kisiki cha mti uliopigwa radi. Njia yetu inakata kushoto, inashuka ngazi za mawe mpaka kwenye daraja la magogo, inavuka kijito, kisha inazunguka na kupanda upande wa pili. Ni mzunguko mrefu wa kuchosha, na ngazi zile zinatikisa mpaka meno. Tulipofika juu ng'ambo tukasimama kunywa maji, na hapo ndipo nikaona kioo cha kifaa ni cheusi. Nikafungua mgongo wake, nikakunja karatasi nene zaidi, nikaikandamiza nyuma ya betri, nikawasha, nikasubiri. Kikaamka. Mstari ulikuwepo, wote, hauna pengo hata kidogo. Nikafurahi.

Haukuwa na pengo kwa sababu kifaa kile hakikuacha mapengo. Kilichukua pale kilipozimikia, karibu na kisiki, na pale kilipowashwa, juu ng'ambo, kikaunganisha kwa mstari mmoja ulionyooka, kama mwanafunzi anayejaza jibu asilolijua. Chini ya mstari huo kulikuwa na korongo.

Nilikuwa na kila nafasi ya kuliona kosa hilo. Jumatatu niliuhamishia mstari ule kwenye karatasi ya grafu, nikaubandika ubaoni mbele ya kidato cha tatu, nikajisifu. Binti mmoja wa dawati la mbele, mwenye sauti ndogo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona hapa njia imenyooka? Wewe ulitufundisha mlimani njia hainyooki."

Nikamwambia hapo juu pana mgongo wa mlima, pana nafasi, njia inaweza kunyooka. Nilimjibu haraka, kwa sauti ya mtu anayejua. Akaandika nilichosema kwenye daftari lake.

Simu ilikuja mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea, wiki tatu kabla ya siku tulizohesabu. Shemeji alikuwa amenunua simu kwa ajili ya kuulizia bei ya kabichi mjini, na kijijini kwao mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya kanisa la kigango. Nilikuwa ofisi ya walimu, saa mbili asubuhi, nasahihisha madaftari.

"Shemeji, dada ameshikwa na uchungu tangu alfajiri," alisema. Nilimsikia anahema, alikuwa amekimbia kulipanda lile jiwe. "Mama anasema mtoto amekaa vibaya. Tumeshafunga machela, watu wanane wapo hapa. Tunamshusha Nyandira, zahanati."

Kule milimani ndivyo wanavyofanya, na kazi hiyo wanaijua. Nguzo mbili, blanketi, wanaume wanapokezana bila kusimama, wengine wanatangulia kusafisha njia. Wameshusha wagonjwa hivyo tangu enzi za mababu. Mimi nilichokiona ni ngazi za mawe zimelowa, na mke wangu hewani juu ya mabega ya watu wanaoteleza.

"Msimbebe," nikasema. "Mtamwangusha. Nakuja mwenyewe, nafika saa sita. Nitamchukua mimi."

"Na pikipiki? Mvua hii?"

"Msimbebe mpaka nifike. Nimesema."

Nilijua nikisema hivyo watatii. Ndugu wa mke wana sauti katika mambo yote kule, lakini mume akisema usimguse mke wangu, hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyemgusa kisha likatokea la kutokea. Nilijua, ndiyo maana nilisema.

"Basi nikusubiri pale kwenye kisiki?" aliuliza.

"Usinisubiri. Nina mashine."

Akacheka, kicheko kifupi, cha mtu mwenye wasiwasi anayefanya kinachotakiwa na utani. "Haya, mtani. Usije ukatokea Songea." Simu ikakatika.

Mpaka Mlali mambo yalikuwa sawa. Kutoka pale barabara inapanda kwa kona za kukata roho, na mvua ilikuwa imeilainisha, lakini niliendesha vizuri kuliko siku zote. Nilifika Nyandira saa tano kasoro. Nikasimama chini ya bati la duka, nikaweka betri mpya, nikaongeza karatasi. Mshale ukaonyesha. Nikaingia njia ya miguu.

Ukungu ulinikuta baada ya kilomita mbili. Ukungu wa Uluguru wakati wa masika hauji kwa mbali ukauona, ni wewe unayejikuta umo ndani yake. Nikawa naona tairi la mbele na hatua tatu mbele yake. Sikuogopa. Siku kama hiyo ndiyo niliyoinunulia mashine ile. Nilikuwa nainamia kioo, nafuata mstari, na kila mstari ulipokata mimi nilikata, na njia ilikuwepo kweli. Niliongea peke yangu. Niliwaza nitakavyomwambia shemeji.

Nilifika kwenye kisiki. Nilikitambua, kilikuwa cheusi kuliko ukungu. Upande wa kushoto niliona jiwe la kwanza la ngazi, limelowa. Na mwilini nilijua ni kushoto. Sauti ya shemeji ilikuwa sikioni, kushoto, zima, sukuma. Nikatazama kioo. Mstari ulikwenda mbele moja kwa moja.

Nilisimama pale, labda dakika moja. Nikawaza kwamba ukungu unachanganya mtu, kwamba visiki viko vingi, kwamba mashine haina hofu wala haina ukungu. Na mbele palikuwa na njia, nyembamba, inakwenda. Kama kungekuwa hakuna njia kabisa ningegeuka. Nikaenda mbele.

Njia ile ilikuwa ya mashambani. Ilipita kati ya matuta ya njegere, ikawa nyembamba, ikawa tuta lenyewe. Kioo kilisema nimebakiza mita mia sita. Mia sita! Nilisikia jogoo akiwika, mbele yangu, karibu kabisa. Nikanusa moshi wa kuni. Nikaongeza mwendo kidogo, na tairi la mbele likaingia mahali pasipo na kitu.

Sikutumbukia korongoni. Tuta moja chini lilitupokea, mimi na pikipiki, na ikanilalia mguu, bomba la moshi likinichoma juu ya kifundo. Kovu lipo. Nilipojitoa nilisogea mpaka ukingoni, nikasikia maji chini sana, na ukungu ukafunguka kiasi cha pumzi mbili, nikaona ng'ambo. Niliyaona mapaa. Niliuona moshi. Nikapiga kelele, nikaita jina la shemeji, jina la mke wangu, sauti ikaenda ikarudi. Kisha ukungu ukajifunga.

Kuirudisha pikipiki juu ya tuta peke yangu kulinichukua muda ambao sijui ni saa ngapi. Ningeweza kuiacha. Hilo nalo nimelifikiria sana. Ningeiacha, ningerudi mbio kwa miguu, ningefika mapema zaidi. Lakini nilikuwa nimesema nitamchukua mimi, na bila pikipiki ningefika na nini?

Nilipokuwa naisukuma kurudi, nilikutana na mama mmoja, mtu mzima, amebeba mzigo wa njegere kichwani, miguu peku kwenye matope. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Huku ni mashamba tu. Unatafuta nini?"

Nikamtajia nyumba. Akanitazama, akatazama pikipiki yenye matope mpaka kwenye taa.

"Njia iko kule kwenye kisiki, unashuka," alisema. "Hata mtoto mdogo anaijua." Akanisindikiza mpaka pale na mzigo wake kichwani. Hakuniuliza zaidi.

Nilifika ukweni saa kumi.

Nilichokiona kwanza ni machela. Ilikuwa imesimamishwa ukutani, nje, nguzo mbili na blanketi la bluu limekunjwa vizuri na kuwekwa juu. Uani palikuwa na magunia yaliyotandikwa chini ya upenu, watu walipokuwa wamekaa kusubiri. Watu wenyewe hawakuwepo. Shemeji alikuwa amekaa kwenye jiwe la kunolea majembe. Akasimama.

"Pole na safari, shemeji," alisema.

Nilisubiri. Mtu amechelewa kwa saa nne muda aliojisemea mwenyewe, ana matope masikioni, anachechemea, ameshika redio isiyoimba. Hakuna Mluguru duniani angeliacha hilo lipite. Nilisubiri aseme Songea. Alishika usukani wa pikipiki, akaiegesha, akaanza kukwangua matope kwenye taa kwa kijiti.

Mama mkwe alitoka nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na alikuwa anaosha mikono kwa maji ya kopo. Anaosha vidole, kimoja kimoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mkeo mzima. Ingia."

Mke wangu alikuwa amelala ubavu, ametazama ukuta. Wanawake wawili waliokuwa naye wakatoka bila kunitazama. Nilikaa kwenye kigoda. Baada ya muda aligeuka.

"Umefika," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa wa kike."

Nililia. Sikujizuia, nililia mbele yake, na yeye akanyoosha mkono akaushika mguu wangu mahali palipokuwa hapajaungua. Yeye hakulia. Nadhani alikuwa amemaliza kabla sijafika.

Walisubiri mpaka saa sita, kama nilivyosema. Saa sita walitaka kuondoka naye, akakataa mmoja wa wazee, akasema mwenyewe alishasema anakuja, tumpe kidogo. Saa saba mtoto alitoka. Hakupumua.

Mtoto wa namna ile hawekewi matanga. Hana jina bado, hajatolewa nje, haitwi marehemu. Wanawake peke yao wanamzika, karibu na nyumba, siku ileile, na mahali hapaonyeshwi. Hata kwetu Tabora ni hivyo hivyo, niliwahi kulisikia bila kulitilia maanani. Na zaidi ya hapo alikuwa mtoto wa ukoo wao, kwenye ardhi ya ukoo wao. Hawakuwa na haja ya kunisubiri kwa hilo, na hawakunisubiri.

Asubuhi tulimshusha mke wangu Nyandira kwa machela. Wale wanane walirudi wote. Walipita ngazi za mawe kwa hatua za pamoja, wanaitikiana taratibu, na hakuteleza hata mmoja. Nilikuwa nyuma nasukuma pikipiki, mimi ndiye niliyeanguka mara mbili. Muuguzi wa zahanati alimpima, akampa dawa, akaniita pembeni.

"Mngemleta jana asubuhi," alianza, kisha akaniangalia, akabadilisha. "Labda. Wakati mwingine hata wakija mapema inashindikana."

Hiyo "labda" yake nimeishi nayo. Kuna siku inanisaidia na kuna siku nyingi hainisaidii.

Kabla hatujaondoka kijijini nilimfuata mama mkwe jikoni. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake, nilisimama mlangoni nikatazama pembeni, nikauliza mtoto amelala wapi.

"Hapo si pa wanaume, baba," alisema, kwa upole. "Yamekwisha."

Tulipata watoto wengine wawili, wote walizaliwa hospitali ya mjini, na mama mkwe alishuka mwenyewe na lori la mboga kuja kuwapokea, bila kuombwa. Mke wangu hajawahi kunilaumu kwa neno. Nimetamani anilaumu. Tunakwenda kwao kila mwaka, sasa barabara imesogea mbele kidogo, na sehemu iliyobaki natembea kwa miguu nyuma ya shemeji, na yeye ananionyesha: kushoto, kulia.

Ananionyesha kwa adabu. Tangu siku ile hajanitania. Baba yangu alipofariki, shemeji alisafiri kwa treni mpaka Tabora, na Waluguru wanaoishi kule walikuja kufanya kazi yao ya utani, wakalizuia jeneza wakidai walipwe kwanza, wakaiga sauti ya marehemu, waombolezaji wakacheka huku wanalia. Shemeji alikaa kwenye mkeka na mikono mapajani. Nilimsogelea, nikamwambia, "Mtani, na wewe sema basi." Akasema, "Pole sana, shemeji."

Mwaka mmoja, tukiwa ukweni, mke wangu alitoka asubuhi kukata majani ya mgomba ya kufunikia chungu. Nilikuwa nimekaa upenuni. Nilimwona anapita migomba ya mbele, ambayo majani yake yalikuwa mazuri, akaenda mpaka kwenye mgomba wa mwisho, ule mzee unaoelekea korongoni. Alisimama pale. Hakukata kitu. Alisimama tu, kisu mkononi, kisha akainama akang'oa jani moja la magugu, akalitupa, akarudi akakata majani ya mgomba wa mbele.

Kifaa kilikuwa kwenye mfuko wa koti. Bado nilikuwa natembea nacho siku hizo, sijui kwa nini. Alipoingia ndani nilitembea mpaka pale alipokuwa amesimama, nikakiwasha, nikasubiri setilaiti kama mtu anayesubiri maji yachemke. Anga ilikuwa safi. Nikabonyeza kuweka alama.

Ndani yake kulikuwa na alama nane, zote nilikwisha kuzipa majina: nyumbani, shule, Mlali, Nyandira na nyinginezo. Ukiweka mpya kinakuuliza jina. Nilishika kile kitufe cha herufi. Kisha nikaacha. Usipoandika chochote kifaa kinatoa namba chenyewe, kikaandika 009, na chini yake, kwa herufi ndogo, usahihi wake: mita kumi na tano.

Kwa hiyo najua mwanangu yuko wapi, nikikosea sana ni kwa mita kumi na tano.